Kondoo, damu na kihamba: nilichokutana nacho kwenye Mambo ya Walawi

Watu wengi wakianza mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka wanaenda vizuri Mwanzo, Kutoka wanajikongoja, wakifika Mambo ya Walawi wanakwama, figo, ini, mafuta, damu, wanasema aah haya ya Wayahudi wa zamani, wanaruka zao mpaka Zaburi. Mimi Walawi ndo kitabu kilichonishika, na ndo kilichonifanya nielewe msalaba kuliko mahubiri yote niliyosikia tangu kipaimara. Sababu ya kwanza ni kazi yangu. Nina bucha Dar, na kwetu ni Kilimanjaro mlimani, kule mtoto wa kiume anajua kuchuna mbuzi akiwa bado primari. Mjini wanaochinja ni ndugu zetu Waislamu kama ilivyozoeleka, mimi napokea nyama tu, ila nyumbani tunachinja wenyewe, Desemba ikifika ukoo mzima unapanda mlimani na kila nyumba ina mbuzi wake.

Sasa mtu kama mimi akisoma Walawi 3, pale wanapoambiwa kondoo wa sadaka ya amani atolewe mkia wake mzima wa mafuta, ukatwe karibu na uti wa mgongo, pamoja na mafuta yanayofunika matumbo na figo mbili na kile kitambi cha kwenye ini, haoni maajabu hapo, anaona kazi anayoijua. Kondoo wetu nao ni hawa hawa wa mkia mnene, ukitaka kuutoa vizuri lazima upeleke kisu mpaka pale mkia unapokutana na mgongo, ukikatia chini unaacha mafuta mengi kwenye mzoga. Aliyeandika ule mstari alikuwa anajua anachoongea. Na hiyo sehemu waliyoambiwa yote iteketezwe kwa Bwana, wao wasiile, kila mchinjaji anajua ndo ile nono kuliko zote.

Lakini kilichonipeleka Walawi mbio mbio ni shida iliyotupata nyumbani.

Baba alishafariki. Mdogo wangu akapata ajali ya bodaboda, mguu ukavunjika vibaya akawekewa vyuma, muda si mrefu mtoto wa baba mkubwa akaachishwa kazi, halafu dada yetu mmoja mimba ikaharibika. Basi maneno yakaanza kwenye grupu la familia. Upande wa baba mkubwa wakasema wazee waliotangulia hawajaridhika, achinjwe mbuzi, tambiko lifanyike kule chini kwenye migomba ya babu. Mama yeye alikuwa anamfuatilia mhubiri mmoja hivi, jina silitaji, ambaye alimwambia kwa simu kwamba ukoo wetu una madhabahu ya giza, na ili ivunjwe kila mtu wa familia atoe sadaka ya kujikomboa, kiasi akakitaja, na mama akataka kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Huku mbuzi, huku ng'ombe, na wote wanasubiri mimi niseme neno maana baba hayupo na mimi ndo mkubwa.

Kwenye jumuiya yetu kuna mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu, mtu mtulivu sana, nikampelekea habari yote. Nilitegemea atasema tuombe. Akaniambia, "Kijana wangu, wote wawili wanakuambia habari ya damu na malipo. Kabla hujawajibu twende tukasome pale Mungu mwenyewe alipoongea habari ya damu na malipo." Ndo tukaanza Walawi, jioni jioni nikishafunga bucha, yeye na Biblia yake ya zamani na tafsiri ya Kiingereza ya Mishna, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, uliokamilika kama mwaka 200 baada ya Kristo, humo ndani kuna maelezo ya jinsi mambo yalivyokuwa yanafanyika hekaluni Yerusalemu, na nikikuambia kile kitabu kinaongea kama watu wa machinjioni amini.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni mkono. Walawi 1, mtu analeta mnyama wake, dume, hana kilema, anamfikisha mlangoni pa hema ya kukutania, anaweka mkono wake juu ya kichwa cha yule mnyama, na anayechinja ni yeye mwenyewe aliyemleta. Wengi tunadhani kuhani ndo alikuwa anachinja kila kitu, hapana, soma vizuri, kazi ya kuhani inaanzia kwenye damu na madhabahu. Yule mwenye dhambi yake ndo anashika kisu. Na marabi walifundisha kwamba ule mkono hauwekwi tu juu juu, mtu anaegemea kwa nguvu zake zote. Mimi hapo nilifunga Biblia nikakaa kimya, kwa sababu najua ukimshika mbuzi kichwani kabla ya kisu unasikia nini, pale katikati ya pembe pana joto, unasikia anavyopumua, mara nyingi anatulia kabisa anakuangalia, halafu baada ya dakika chache ile joto haipo. Mtu aliyefanya hivyo kwa sababu ya dhambi yake mwenyewe hawezi kurudi nyumbani akasema dhambi ni kitu kidogo. Aliyetakiwa kufa ni yeye na aliyekufa ni mwingine asiye na kosa, na mkono wake bado unanuka.

Sasa linganisha na ile sadaka ya kutumwa kwa simu, unabonyeza namba ya siri, unapokea ujumbe, basi umekombolewa.

Cha pili ndo kilichobadilisha kila kitu. Tulifika Walawi 17:11, mstari ambao wahubiri wengi wanausoma nusu. Uhai wa mwili umo katika damu, hapo wote tunajua, ila endelea, "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu". Mzee akauliza, "Anayetoa hapo ni nani?" Nikasoma tena. Anayetoa ni Mungu. Yaani watu hawakuwa wanampelekea Mungu damu ili atulize hasira kama mtu anavyompelekea chifu kreti za bia, Mungu mwenyewe ndo alisema mimi nimewapa njia, chukueni, mpatanishwe na mimi. Tambiko la baba mkubwa linasema wazee wana njaa tuwape. Mhubiri wa mama anasema Mungu anadai mlipe. Walawi inasema Mungu ametoa. Na ukirudi nyuma unaikuta kwa Abrahamu kule Moria, Isaka anauliza moto upo kuni zipo mwana-kondoo yuko wapi, baba yake anamjibu Mungu atajipatia mwana-kondoo, na kweli kondoo dume akaonekana amenaswa pembe zake kichakani, Abrahamu hakumnunua wala hakumfuga. Na 2 Nyakati 3:1 inasema hekalu la Sulemani lilijengwa huko huko mlima Moria, kwa hiyo sadaka zote za miaka ile zilichinjwa mahali ambapo neno lilishasemwa kwamba Mungu atajipatia. Mimi nikisikia Yohana Mbatizaji anasema "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu" sa hivi nasikia jibu la swali la Isaka. Huyo hapa. Ni wa Mungu, Mungu ndo kamleta.

Nirudi kwenye Mishna kidogo maana hapa nilifurahi sana kama mtu wa nyama. Siku ya Pasaka watu walikuwa wanaingia uani kwa makundi matatu, kundi likijaa milango inafungwa, Walawi, wale watumishi wa hekalu, wanaimba Zaburi 113 mpaka 118, mwenye kondoo anachinja, kuhani anakinga damu kwenye bakuli, anampa mwenzake, naye anampa mwenzake, mstari mzima wa makuhani, mabakuli ya fedha mstari huu na ya dhahabu mstari ule, mpaka kwa yule wa karibu na madhabahu anaimwaga pale chini kwenye msingi. Na yale mabakuli hayakuwa na kitako. Kwa nini? Ili mtu asije akaliweka chini damu ikaganda. Nani anaweza kutunga kitu kama hicho kama hajawahi kukinga damu? Damu ya mbuzi ukiiweka chini ukageuka kuchukua maji ukirudi imeshaanza kushikana. Mimi nikiwa mtoto kazi yangu siku ya kuchinja ilikuwa kukoroga damu ya kisusio, ile supu yetu ya damu, kwa kijiti, ukiacha tu unafokewa. Kumbe hata Siku ya Upatanisho palikuwa na mtu amesimama hekaluni kazi yake ni hiyo, anakoroga damu ya fahali isigande wakati kuhani mkuu ameingia patakatifu pa patakatifu na uvumba. (Habari ya kisusio na Matendo 15, pale mitume wanaposema watu wajiepushe na damu, najua watu wana maswali, hiyo tuiache kwa leo.)

Na hiyo Siku ya Upatanisho, Walawi 16, naomba mtu akipata nafasi aisome taratibu. Ni mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu anavua yale mavazi yake ya utukufu anavaa kitani tupu. Anaanza na fahali kwa ajili yake mwenyewe na nyumba yake, kwa sababu na yeye ni mwenye dhambi. Halafu mbuzi wawili wanapigiwa kura. Mmoja anachinjwa, damu yake inaingizwa ndani ya pazia inanyunyizwa kwenye kiti cha rehema, kile kifuniko cha sanduku la agano, na mbele yake. Wa pili, anayeitwa wa Azazeli, kuhani anaweka mikono yake yote miwili kichwani, anaungama uovu wote wa Israeli na makosa yao yote, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai, anakwenda na dhambi zao mpaka nchi isiyo na watu. Mmoja amekufa, mwingine ameondoka nazo. Mzee akaniambia watu wengi wanaamini nusu ya kwanza tu, wanaamini Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zao lakini hawaamini kwamba dhambi zenyewe zimeondoka, ndo maana akija mtu akasema kuna laana ya babu bado imekaa mlangoni kwako, wanatetemeka. Nikamfikiria mama. Mama yangu ni muumini kweli kweli, anafunga, anaimba kwaya ya akina mama, lakini hiyo nusu ya pili hakuna aliyewahi kumfungulia.

Pasaka yenyewe, Kutoka 12, ina jambo ambalo wengi hawalioni kama hawajafuga. Mwana-kondoo anachaguliwa siku ya kumi ya mwezi anachinjwa siku ya kumi na nne jioni. Katikati hapo yuko nyumbani. Nyumba yenye watoto, fikiria, wanamletea majani, wanamshika shika, wakubwa wanamkagua kama ana kilema. Jioni ile anapochinjwa damu ikapakwa kwa kitawi cha mmea wa hisopo kwenye miimo na kizingiti cha mlango, watoto wanajua nani amekufa ili kaka yao mkubwa awe hai asubuhi. Halafu wanaambiwa wamwoke motoni mzima, wasivunje mfupa wake. Na wewe nenda kachukue kondoo mzima ule mpaka umalize bila kuvunja mfupa uone, hutumii shoka hata kidogo, unafuata viungo kwa ncha ya kisu, inataka utulivu. Sasa Yohana 19, askari wanawavunja miguu wale wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu ili wafe haraka, wanafika kwake wanakuta ameshakufa, hawamvunji, na Yohana anasema hiyo ndo ili andiko litimie. Na siki aliyopewa iliwekwa kwenye hisopo. Yohana anasema ilikuwa maandalio ya Pasaka, siku ya kuchinja kondoo, zile injili nyingine tatu zinaonyesha usiku uliotangulia alikuwa amekula Pasaka na wanafunzi, wasomi wanalijadili hilo mpaka leo na mzee hakunificha, ila zote zinamweka kwenye sikukuu ile ile, mji ule ule. Kufa kwake ni saa tisa, na sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuna haja ya kupiga hesabu, saa tisa ya kwao ni saa tisa hii hii yetu ya mchana. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ya kwanza, anaandika kwamba sadaka ya kila siku ya jioni ilikuwa inatolewa karibu saa tisa. Kila siku walikuwa wanatoa wana-kondoo wawili, mmoja asubuhi mmoja jioni, hawapumziki, hata Sabato.

Nataka niseme kitu hapa maana niliona mitandaoni watu wanavyowaongelea Wayahudi vibaya. Wayahudi wenyewe hawasomi hizi sadaka kama sisi. Warumi walipobomoa hekalu mwaka 70 sadaka zilikoma, na marabi wakawafundisha watu kwamba toba, sala na matendo ya huruma ndo njia iliyobaki, wanakumbuka neno la Hosea kwamba Mungu anataka fadhili wala si sadaka, na wameishi hivyo karibu miaka elfu mbili kwa uaminifu mkubwa. Wasamaria nao mpaka leo wanachinja kondoo wa Pasaka mlima Gerizimu, karibu na Nablus. Mimi ni Mkristo, naamini kile kivuli kilikuwa cha mtu na yule mtu ni Kristo, lakini kivuli chenyewe kilikuwa kitakatifu na watu waliokibeba walikibeba kwa gharama, hatuna ruhusa ya kuwacheka.

Kitabu cha Waebrania ndo kinafunga hesabu. Sura ya 10, kila kuhani anasimama kila siku akitoa dhabihu zile zile mara nyingi ambazo haziwezi kabisa kuondoa dhambi, lakini huyu alipokwisha kutoa dhabihu moja kwa ajili ya dhambi hata milele, akaketi. Mtu anayefanya kazi ya kusimama kutwa nzima kwenye gogo anajua kuketi maana yake nini. Ukiona muuza nyama ameketi ujue nyama imeisha. Na katika vyombo vyote vya hema vinavyotajwa, meza ipo, taa ipo, madhabahu zipo, kiti cha kuhani hakuna, kwa sababu kazi ilikuwa haiishi.

Basi nikawa na jibu la mama, ila sikutaka kumwendea kwa kubishana, nikapanda nyumbani wikiendi moja nikakaa naye jikoni, nikamsomea 1 Petro 1:18. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisikia. Petro anasema mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mtoke katika mwenendo usiofaa mlioupokea kwa baba zenu, bali kwa damu ya thamani kama ya mwana-kondoo asiye na ila wala waa, ya Kristo. Nikamwambia mama hebu sikiliza, mambo ya ukoo yamo humu, "mlioupokea kwa baba zenu", Petro hakukataa kwamba kuna vitu vibaya tunavipokea kwa mababa, na fedha imo humu, imekataliwa kwa jina lake. Mama akasema nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza, "Kwa hiyo huyu baba anayedai hela ya kukombolewa anadai ya nini?" Nikamwambia mimi sijui anadai ya nini, najua haidaiwi na Mungu.

Nikamwonyesha na Walawi 5, jinsi Mungu alivyokuwa anashusha bei ya ile sadaka ya dhambi kwa maskini. Huna mwana-kondoo, leta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Huna hata njiwa, leta unga kidogo, sehemu ya kumi ya efa, kipimo chao cha nafaka, bila mafuta bila ubani, na unasamehewa sawa sawa na yule tajiri. Na Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka 2, walitoa ndege, ndo sadaka ambayo Walawi 12 inamruhusu mama maskini aliyejifungua, kwa hiyo nyumba ya Mwokozi ilikuwa nyumba ya watu wasio na kitu. Hakuna mahali Walawi inapomtuma mjane akauze ng'ombe wake wa pekee. Ng'ombe hakuuzwa.

Lakini ilibaki habari nyingine na hiyo ndo ilikuwa ngumu, kwa sababu ilitugusa sisi na sio yule mhubiri. Tukiwa Walawi 6 na mzee tulikutana na sadaka ya hatia. Mtu amemdhulumu jirani yake, amechukua kitu kwa nguvu au kwa hila, akitaka kusamehewa lazima kwanza arudishe kile kitu kizima, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka yake. Yule kondoo dume hafuti wajibu wa kurudisha. Isaya 53:10 inasema nafsi ya mtumishi wa Bwana itafanywa kuwa dhabihu kwa hatia, ni sadaka hii hii, kwa hiyo hata hapo Kristo yumo, deni letu kwa Mungu amelibeba yeye. Ila shamba la mtu linabaki shamba la mtu. Na Bwana mwenyewe alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka pale, nenda mkapatane kwanza.

Kwetu palikuwa na neno. Baba mdogo alifariki mapema akamwacha mama mdogo na watoto wadogo, na miaka ile mpaka wa kihamba chao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ukasogea. Mipaka yetu ni masale, wanaotoka kwetu wanajua, mmea unaopandwa kwenye mpaka na hauchezewi. Masale yalihamishwa, kipande kikaingia upande wetu na kingine upande wa baba mkubwa, migomba na kahawa zikapandwa juu yake, watu wakanyamaza. Mama mdogo hakwenda popote kushtaki. Alikuwa anatusalimia vizuri tu. Tuliyajua haya wote, hata watoto.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Kumwambia mzee wa ukoo jambo kama hili inabidi uende kwa heshima, nilienda na mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamwambia, "Baba, mbuzi unayemtaka mimi nitamnunua, ila nina maneno nimeyasoma naomba unisikilize kwanza." Nikamsomea Walawi 6 yote. Baba mkubwa sio mtu wa kusoma sana lakini habari za kurudisha na kuongeza alizielewa haraka kuliko mimi, akasema hata zamani kwetu mtu aliyemkosea mwenzake hawezi kusogea kwenye tambiko kabla hajapeleka sale, jani la masale hayo hayo. Sale ukilifunga fundo ukalipeleka kwa uliyemkosea unaomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kulikataa. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema mpaka anaujua, ulipita wapi.

Tulienda wanaume wa ukoo tukang'oa masale tukayarudisha mahali pake, kipande chetu na cha kwake. Juu ya kile kipande baba mkubwa akaongeza mtamba mmoja, mimi nikaongeza hela ya kahawa iliyovunwa msimu ule. Sale lilipelekwa na yeye mwenyewe, mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili na akalia kwa sauti, watoto wake wakubwa walikuwepo. Mimi sisemi mguu wa mdogo wangu ulipona kwa sababu hiyo, mguu umepona kwa madaktari na bado una vyuma na baridi ikizidi unamuuma. Ninachosema ni kwamba watu wawili walikuwa wamepewa bei ya kumlipa Mungu, na kwa Mungu hapakuwa na deni lililobaki, deni lilikuwa kwa mjane hatua mia kutoka jikoni kwetu, na hakuna mbuzi wala muamala wa simu ambao ungeligusa.

Baba mkubwa aliniuliza baadaye, kwa hiyo tusichinje tena? Nikamwambia tuchinje baba, ile sadaka ya amani watu walikuwa wanakula, Walawi 7, mafuta yanateketezwa, kidari na paja la kulia anapewa kuhani, nyama iliyobaki anakula aliyeileta na watu wake, na ile ya shukrani isilale mpaka asubuhi. Tuchinje tule tumshukuru Mungu, tusimdai wala tusimlipe. Desemba hiyo alichinja mbuzi mkubwa, mchungaji wetu akaja akaomba, nikachuna mimi. Kwetu kidari ni cha mzee wa ukoo, kinatengwa kabla ya kitu chochote. Nilipomletea kwenye sinia baba mkubwa akasema kipelekwe kwa mama mdogo. Shangazi mmoja akanung'unika kwamba tangu lini mwanamke akapewa kidari, mila haisemi hivyo, baba mkubwa akamjibu kidari ni chake yeye na anampa anayemtaka, leta chumvi tule.